Pointi Mia za Choo cha Hajati

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Siku imeharibika kabla ya saa nne asubuhi. Hajati Mwanakombo, mwenye yadi ya malori na mwajiri wangu, kaja saiti na binti aliyevaa kofia nyeupe ya ujenzi. Nyeupe! Mimi msimamizi nina ya njano, tena yenye ufa.

Akamtambulisha: Injinia Fortunata, katoka Mbeya, kaja kupima maendeleo ya kazi. Nikasema maendeleo nayapima mwenyewe kila Ijumaa, na Ijumaa iliyopita yalikuwa asilimia themanini na tano. Hajati akasema hiyo ndiyo sababu ya kumleta. Wiki tatu mfululizo nimempa themanini na tano.

Ni kweli. Sasa ningempa ngapi? Themanini na tano ni namba ya heshima. Inaonyesha juhudi na inaacha nafasi ya kupumulia.

Niandike wazi, wajukuu wasije wakapotoshwa. Mimi Rabson Sichone, miaka arobaini na mbili, mkazi wa Tunduma, najenga choo. Matundu kumi na sita, nane ya wanaume, nane ya wanawake, ndani ya yadi ambamo malori hulala siku mbili, tatu, hata wiki, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa mji, katoa amri: choo kisipofanya kazi ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, yadi inafungwa. Naye Hajati kaahidi, na hapa ndipo penye utamu, kwamba atakayekikamilisha vizuri atasimamia ujenzi wa kituo chake cha mafuta.

Kituo cha mafuta! Jina langu nimeshaliona kwenye ubao wa mradi, herufi kubwa.

Injinia akauliza shimo la choo liko wapi. Nikamwonyesha mbao zilizolifunika. Akauliza chini ya mbao kuna nini. Nikasema shimo linaendelea. Akaandika kitu. Simpendi mtu anayeandika wakati mwenzake anaongea.

Jumanne, 2 Septemba

Somo. Injinia amekigawa choo changu vipande tisa, kila kipande akakipa pointi kulingana na gharama yake iliyopangwa. Jumla pointi mia. Shimo peke yake thelathini. Msingi na sakafu kumi na tano, kuta kumi na tano, mabomba ya maji taka kumi na mbili, paa kumi, milango sita, masinki ya choo na marumaru tano, lipu na rangi nne, tangi na koki tatu.

Lipu na rangi nne tu! Mimi nilidhani rangi ni nusu ya jengo. Mtu akipita barabarani anaona nini, shimo?

Kisha akachora mistari mitatu kwenye laptopu. Wa bluu ni kazi iliyopaswa kuwa imefanyika hadi leo. Wa kijani ni kazi iliyofanyika kweli, anaiita thamani iliyovunwa. Mwekundu ni pesa iliyotumika. Anasema mtu anaweza kutumia mbolea yote na shamba lisimpe hata debe. Nilihisi ananitazama mimi.

Hadi leo tulipaswa kuwa tumevuna sitini. Msingi umeisha, kumi na tano. Kuta zimeisha, kumi na tano. Shimo limeanza halijaisha, na kanuni yake ni hii: kipande kikianza kinapewa nusu ya pointi zake, kikiisha kinapewa zilizobaki. Basi shimo kumi na tano. Jumla arobaini na tano. Ugawe kwa sitini: sifuri nukta saba tano. Ukiwa chini ya moja, umechelewa.

Haya yote alimwambia Hajati mbele yangu, mbele ya Fundi Mika, na mbele ya Zuleha, mama lishe ambaye jiko lake liko hatua kumi kutoka choo na masikio yake yako karibu zaidi. Zuleha alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Ferista, mke wangu, akaniambia ninawe nile. Nikiwa nanawa, likanijia. Kipande kikianza, kinapewa nusu.

Kikianza!

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya Kuanza Kila Kitu.

Saa moja asubuhi nikamwambia Mika leo tunaanza paa. Akasema vizuri. Nikamwambia pia milango. Akaweka nyundo chini. Nikamwambia pia marumaru, lipu, rangi, mabomba, tangi na koki. Akauliza kama nimelala vizuri. Mika ni Mndali wa Ibaba, kule milimani Ileje. Ana maneno machache, na hayo machache huyachagua vibaya.

Tukapiga bati moja, kwenye kona. Mlango mmoja ukasimama kwa bawaba moja. Marumaru moja tukaibandika katikati ya ukuta, peke yake, kama kalenda. Lipu tukapiga mahali penye ukubwa wa chapati, na rangi juu yake ikiwa bado mbichi. Bomba tukalaza nusu mita. Koki tukaifunga kwenye tofali lisilojua maji ni nini. Ilipofika saa sita, vipande vyote tisa vilikuwa vimeanza. Sidhani kama kuna choo katika mkoa wote wa Songwe kilichowahi kuanza kwa kasi hii.

Mika akauliza sasa aendelee na kipi. Nikamwambia apumzike.

Hakupumzika. Akanikumbusha mwamba. Nilijua atanikumbusha. Tarehe kumi na tisa Agosti, kwenye mita moja na nusu, sululu ziligonga mwamba mweusi, na tulitakiwa kufika mita nne. Nikaamuru mbao ziwekwe juu. Mwamba hauandikwi kwenye ripoti. Ukishauandika, unakuwa tatizo.

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi! Injinia bado yuko Mbeya kwenye kazi nyingine, kwa hiyo hesabu nimempelekea Hajati mwenyewe. Arobaini na tano za zamani, ongeza nusu za vipande sita vipya, ishirini. Jumla sitini na tano kati ya sabini zilizopangwa hadi leo. Sifuri nukta tisa tatu!

Hajati akapiga simu. Akasema mashaallah, kumbe naweza. Akaniuliza kama nina uzoefu na matangi ya mafuta ya chini ya ardhi. Nikasema kitu chochote cha chini ya ardhi ni fani yangu. Sijui ulimi wangu unatoa wapi mambo haya.

Nikamweleza Ferista. Akasema amepita pale jana akitokea kanisani na hakuona choo, ameona ukuta wenye mlango mmoja unaopigapiga kwa upepo. Nikamwambia hajasoma uhandisi. Akasema hata mimi sijausoma.

Zuleha naye akaja na bakuli mkononi kuuliza, katika hayo matundu kumi na sita, leo aingie lipi. Nikamwambia asubiri taratibu. Akasema tumbo halina taratibu.

Jumanne, 9 Septemba

Injinia amerudi.

Alizunguka jengo lote. Akasimama mbele ya ile marumaru moja muda mrefu, kama mtu aliyepeleka maua kaburini. Akaipiga picha. Akafungua koki. Akaifunga. Akamwita Mika, wakaongea Kindali kidogo, na Mika akacheka. Mika! Mtu ambaye sijamwona akicheka tangu msingi.

Kisha akatangaza kwamba kanuni ya nusu imekufa. Kuanzia leo kipande kikiisha kinapewa pointi zote, kisipoisha hakipewi hata moja. Tukahesabu upya. Msingi kumi na tano, kuta kumi na tano, basi. Thelathini kati ya sabini. Sifuri nukta nne tatu.

Jana tisa tatu, leo nne tatu. Sijawahi kuona jengo likibomoka bila tofali kuanguka.

Mstari mwekundu nao ulikuwa umepaa kama tiara, kwa sababu nilishanunua milango kumi na sita, rangi na marumaru zote ili zianze. Akaeleza kwamba kila tulichotumia kimerudisha kazi pungufu ya nusu yake, kidogo tu juu ya arobaini kwa mia. Hajati akasikiliza akiwa amefumba macho. Ni dalili mbaya kwake.

Shimo? akauliza Injinia. Linaendelea, nikasema. Akamwagiza Mika aanze kumwaga mifuniko ya zege ya kulifunikia, pembeni pale, ikauke mapema. Mifuniko! Mtu anashona kofia kabla mtoto hajazaliwa. Nikatabasamu moyoni.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeupata mlango wa nyuma. Kama kinachohesabika ni kilichoisha, basi naanza kumaliza vile vinavyoisha kirahisi. Paa kumi. Milango sita. Masinki na marumaru tano. Lipu na rangi nne. Tangi na koki tatu. Ishirini na nane hizo, bila kugusa shimo wala mabomba! Mafundi wote nimewahamishia kwenye urembo.

Zuleha akauliza, akiwa anamenya viazi, kitu kikiingia huku kitatokea wapi. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akamtazama mama lishe mwenzake, wakaendelea kumenya.

Tangu leo nakula kwa mama lishe mwingine, upande wa pili wa yadi. Maharage yake yana mawe. Lakini hayaulizi maswali.

Jumatatu, 15 Septemba

Kazi tamu! Paa limeisha, bati zinang'aa mpaka madereva wanafunika macho. Milango kumi na sita ya bluu. Kuta za krimu. Marumaru nyeupe, masinki mapya, tangi limejaa maji. Maneno ya milangoni nimeyaandika kwa mkono wangu: WANAUME, WANAWAKE. Herufi W imenitoa jasho.

Hamsini na nane kati ya themanini. Sifuri nukta saba tatu, na safari hii kila pointi ni halali. Injinia akapiga simu kutoka Mbeya kunipongeza kwa paa. Akauliza shimo. Nikamwambia mtandao unakatika. Akasema mbona ananisikia vizuri. Nikakata.

Nyuma ya jengo vipande vya bomba kumi na sita vimetokeza ukutani kama pua, vikisubiri kuunganishwa. Pale ndipo penye kivuli, na upepo wa vumbi haufiki. Nimehamishia meza yangu hapo.

Jumatano, 17 Septemba

Sitaandika kilichotokea.

Nitaandika kidogo. Saa saba nilikwenda kula. Niliporudi, mbele ya jengo kulikuwa na foleni. Foleni mbili! Madereva upande huu, akina mama upande ule, wengine na ndoo za maji, wote wametulia kama watu wa kupiga kura. Dereva mmoja Mzambia akatoka akifunga mkanda, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, natotela, natotela, yaani asante. Alikuwa amelala yadini siku tano. Machozi yalimlenga.

Nikakimbilia nyuma.

Ile meza ilikuwa na ripoti zangu zote, kofia yangu na kiti cha kukunja cha baba mkwe. Viatu nilivyovaa nikikimbilia kule nimevichoma.

Nilipozunguka kurudi mbele nikipiga kelele kwamba pafungwe, gari la Hajati lilikuwa limesimama. Ndani yake alikuwa Bwana Afya, kaja kutazama kabla ya siku yenyewe kwa sababu Hajati alimwambia kumependeza. Wakanifuata mpaka nyuma. Nilijaribu kuwapitisha njia nyingine. Hakuna njia nyingine.

Bwana Afya alifunika pua kwa faili. Akasema tarehe thelathini haisogei hata kwa saa moja.

Hajati alikusanya pindo la nguo yake lisiguse chini. Kisha akasema taratibu, "Rabson, umenijengea ukuta wenye milango."

Nikaanza kumweleza kuhusu pointi hamsini na nane. Zuleha akaingilia. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Bwana msimamizi, miaka sita nauza chakula hapa. Nikibanwa naacha sufuria jikoni, navuka barabara naenda kubembeleza pale baa. Siku nyingine wananikatalia. Leo nimeona mlango umeandikwa WANAWAKE. Nikasema, kumbe ni mimi."

Akaondoka. Mama lishe wenzake kumi wakamfuata. Yadi ikifungwa, hao kumi na moja hawana pa kuweka jiko.

Tangu saa tisa nimekuwa nikiosha nyuma ya jengo.

Alhamisi, 18 Septemba

Injinia kafika kwa basi la kwanza. Hakusalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye mbao, akainua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini: mita moja na nusu, mwamba mweusi, chupa za soda.

Nikamweleza yote. Tarehe kumi na tisa Agosti, sululu, mbao. Nilitegemea atafoka. Akakaa kwenye ukingo wa shimo, miguu inaning'inia, kofia nyeupe mapajani. Akasema, "Kaka Rabson, kanuni ya nusu lilikuwa kosa langu. Niliiweka nikidhani nafanya kazi na mtu mwenye aibu."

Imeniuma kuliko ningefukuzwa.

Akapiga simu huku na huku kutafuta mashine ya kupasulia mwamba. Ya karibu iko kazini, haipatikani mpaka katikati ya Oktoba. Zimebaki siku kumi na mbili. Ndipo Mika akasema kwao Ibaba mwamba huchomwa. Unawasha moto mkubwa juu yake, ukishapata joto sana unamwagia maji ya baridi ghafla, unapasuka wenyewe, unatoa vipande kwa mtalimbo. Injinia akauliza kwa nini hakusema mapema. Mika akasema alisema, tarehe ishirini Agosti, na msimamizi akamwambia apumzike.

Wakanitazama wote wawili. Nikatazama bati.

Hajati amenivua usimamizi. Shimo ni la Mika, mradi wote ni wa Injinia. Mimi nachota maji.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwamba umepasuka! Moto uliwaka asubuhi nzima, magogo ya mikaratusi, mpaka jiwe likabadilika rangi. Mika akainua mkono. Tukamwaga ndoo thelathini kwa pamoja. Mlio wake! Kama bunduki, kisha mvuke mweupe, kisha ufa unaokwenda kutoka pembe hadi pembe. Madereva wakapiga honi yadi nzima. Nilipiga kelele kama mtoto. Mika alinipiga begani. Nadhani alikuwa anazima cheche, lakini nimelihesabu.

Tumeshuka sentimita thelathini.

Jumatano, 24 Septemba

Mita mbili na nusu. Mikono yangu imekuwa kama ngozi ya mamba.

Leo mawe yalikuwa mengi kuliko watu wa kuyatoa. Bila kuitwa, Zuleha akafunga khanga kiunoni, akaja na wenzake kumi, wakajipanga mstari kutoka shimoni hadi ukutani, jiwe likawa linapita mkono kwa mkono. Mimi nilikuwa wa mwisho mstarini, baada ya Zuleha. Alinipa mawe tangu saa nne mpaka saa tisa bila neno. Mengine aliyachagua makubwa makusudi, nina uhakika.

Saa tisa akaleta wali na maharage, akaweka sahani ya kwanza mbele ya Mika, ya pili mbele ya Injinia. Ya tatu akaishika kidogo. Kisha akanipa. Hayana jiwe hata moja.

Injinia naye alikuwa shimoni na mtalimbo, matope mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza leo tumevuna pointi ngapi. Akasema sifuri, shimo halijaisha. Akaendelea kugonga. Ajabu, watu wote wale walifanya kazi siku nzima kwa sifuri na hakuna aliyenung'unika.

Nilitaka kuandika jambo la maana hapa. Mgongo unauma, limenipotea.

Jumapili, 28 Septemba

Mita nne jana mchana! Usiku kucha hakuna aliyelala, wakajenga ukuta wa ndani, na leo mabomba yameunganishwa.

Ikabaki kufunika. Na mifuniko ipo tayari, imekauka siku kumi na tisa, ngumu kama chuma. Ile mifuniko! Bila hiyo tungesubiri zege mpaka Oktoba. Madereva thelathini walikuja kuibeba: Watanzania, Wazambia, Wakongo watatu waliokuwa wakiimba. Injinia alisimama pembeni anaelekeza kwa vidole viwili tu. Mfuniko wa mwisho ulipokaa mahali pake, akatoa laptopu mfukoni mwa begi, akaandika thelathini za shimo na kumi na mbili za mabomba.

Mia.

Nilimwambia hongera. Akasema hongera na wewe, umechota maji vizuri. Sijui kama hilo ni dharau. Nimelichukua kama sifa.

Jumanne, 30 Septemba

Bwana Afya alikuja saa tatu, bila faili puani. Akafungua koki zote. Akamwaga maji kwenye masinki yote kumi na sita, akazunguka nyuma, akainama, akasikiliza. Pakavu. Akasaini.

Hajati akataka kukata utepe. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa nne yenye kichwa "Safari Yetu". Hajati akampa Zuleha mkasi. Zuleha akakata, akasukuma mlango wa kwanza ulioandikwa WANAWAKE, akaingia, akajifungia. Tukasubiri nje, watu zaidi ya mia, Bwana Afya akiwemo, hakuna anayejua atazame wapi. Alikaa humo muda mrefu sana. Alipotoka uso umeoshwa, akasema tu, "Kuna maji." Akina mama wakapiga vigelegele mpaka malori ya mbele yakadhani foleni inasogea, yakawasha injini.

Injinia akasoma hesabu ya mwisho. Kwa ratiba, mia kati ya mia, moja kamili. Kwa gharama, sifuri nukta nane: kila shilingi imerudisha kazi ya senti themanini. Hajati akauliza hiyo iliyopotea imekwenda wapi. Watu wakaangalia vidole vyao. Mimi pia nikaangalia vyangu, ili nisijitenge.

Kituo cha mafuta kapewa Injinia. Mika msaidizi wake, na kofia nyeupe! Mimi nilikuwa nimeshawaambia nyumbani kwamba nafukuzwa. Hajati akaniita pembeni, akasema kaniona nikibeba mawe, na kwa ajili ya mawe hayo ananipa kazi ndogo: uzio wa kiwanja chake kule Chitete, nguzo mia mbili. Injinia atapima kwa picha nitakazomtumia kila Ijumaa. Nguzo isiyo na zege chini haihesabiki.

Nikamshukuru kwa magoti. Nikamwambia mimi ni mtu mpya. Nikamwambia Ferista pia. Akaniuliza mpya wa tarehe ngapi.

Ijumaa, 10 Oktoba. Chitete

Barabara imenitikisa mpaka meno. Lakini mahali ni pazuri, pametulia, mbali na kila mtu. Hasa mbali na kila mtu.

Nimesimamisha nguzo ishirini wiki hii, zenye zege, zimenyooka kabisa. Kazi safi, nasema bila kujisifu. Ratiba inataka sitini.

Sasa, nilikuwa natafuta pembe nzuri ya kupiga picha nikagundua jambo. Nguzo ishirini zikipigwa kutokea mashariki asubuhi zina vivuli upande huu. Zikipigwa kutokea magharibi jioni zina vivuli upande ule. Hazifanani hata kidogo! Hizo ni arobaini. Na ukiazima mbuzi wa jirani ukamfunga katikati, mandhari yote inabadilika. Sitini kamili. Sikudanganya popote. Nimetuma picha tatu na neno moja: "Tunaendelea."

Injinia kapiga simu sasa hivi. Akasema hongera kwa nguzo ishirini, zimenyooka vizuri, na nimsaidie yule mbuzi kwa maji, anaonekana amechoka.

Nimekaa juu ya mfuko wa saruji nikitafakari kwa kina nilipokosea.

Wiki ijayo nitaazima ng'ombe.